Hedifoni kwenye laptopu: mngurumo, sauti ndogo na besi isiyoeleweka. DAC ndogo ya USB itatibu lipi?

SautiYaNne:

Wakuu, heshima kwenu.

Kazi ni kuhariri rekodi za kwaya kwenye laptopu ya Windows 11. Hedifoni ni Beyerdynamic DT 770 Pro za omu 80 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), na kuna iafoni za waya za omu 16, zile zenye spika tatu kila upande, za kukagulia kazi ikishakamilika. Zote nachomeka moja kwa moja kwenye tundu la pembeni mwa laptopu.

Chaja ikiwa kwenye umeme kuna mngurumo mdogo nyuma ya sauti, na nikisogeza ukurasa kwa mausi vinasikika vimlio vya "zii, zii" vinavyofuata mwendo wa kidole. Pili, hata sauti nikiiweka 100, rekodi ghafi za kwaya bado ni ndogo. Pale waimbaji wanaposhuka chini kabisa nashindwa kusikia wanapovuta pumzi, na hapo ndipo napotaka kukata. Tatu, zile iafoni zinatoa besi nzito na sauti nyembamba zimefifia, lakini nikizichomeka kwenye simu ziko sawa. Faili ni lilelile.

Nimeshauriwa ninunue DAC ndogo ya USB, yaani kifaa cha nje kinachogeuza sauti kutoka namba za kompyuta kuwa umeme wa kuendesha hedifoni. Dukani zipo zilizoandikwa biti 32 na 384 kHz, nyingine biti 24 na 96 kHz, na bei zinapishana mara nne. Nimeshajaribu adapta ya USB-C kwenda jeki kutoka duka la vifaa vya simu, laptopu haikuonyesha dalili yoyote kwamba kuna kitu kimechomekwa. Ninunue ipi, na niangalie nini?

FundiWaya:

Salaam mkuu. Hayo ni matatizo matatu tofauti, ingawa yote yanatokea kwenye tundu moja. La kwanza DAC ya nje italimaliza karibu lote. La tatu litaisha ukichagua vizuri. La pili linategemea vipimo ambavyo bado hujatupa, nadhani Desibeli atakuja kukuelekeza namna ya kuvipata.

Hivyo vimlio vya "zii" nivieleze kwa urefu kidogo, maana ndivyo vinavyosema kosa liko wapi. Ndani ya laptopu, chipu ya sauti imekaa kwenye ubao mmoja na prosesa pamoja na saketi za kushusha volti, ambazo zinakata na kurudisha umeme mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde. Ukisogeza ukurasa, prosesa inaamka, inavuta umeme mwingi, inalala tena. Kila inapovuta, umeme wa majirani zake unatikisika. Sauti ikiwa bado ni namba haidhuriki na mtikisiko huo, sifuri inabaki sifuri na moja inabaki moja. Ikishageuzwa kuwa volti, kila mtikisiko unaingia ndani yake na hautoki tena. DAC ya nje kazi yake ni kuhamisha mahali pa kugeuzia. Namba zinapita kwenye USB, zinageuzwa nje ya boksi, kwenye kibao kidogo chenye vichujio vyake vya umeme. Hiyo ndiyo sababu kidude cha bei ndogo chenye chipu nzuri kinaweza kuwa kimya kuliko laptopu ya mamilioni.

Kabla hujatoa hela, hakikisha kelele haitoki kwingine. Vaa hedifoni, cheza wimbo, usitishe, kisha sikiliza bila kugusa kitu. Kwenye laptopu nyingi mngurumo utaendelea kwa sekunde kadhaa halafu utakatika ghafla, mara nyingine kwa "tk" ndogo. Hapo chipu ya sauti imelala. Ukisikia hivyo, kelele inatoka kwenye saketi ya sauti ya laptopu na DAC itaiondoa. Kama kelele inaanza na kuisha pamoja na wimbo, basi imo ndani ya rekodi, hakuna kifaa cha kusikilizia kitakachoifuta. Angalia pia kama maikrofoni ya laptopu haipitishwi kwenye hedifoni: Win+R, andika mmsys.cpl, ingia Recording, bofya maikrofoni mara mbili, fungua Listen, na hakikisha alama ya "Listen to this device" haipo. Watu wameshanunua vifaa kwa ajili ya alama hiyo moja.

Sasa chaja. Ukiichomoa na mngurumo ukaisha, unapita kwenye umeme wake. Chaja za plagi ya pini mbili hazina ethi, na kapasita ya kuchujia iliyo ndani yake inavujisha umeme kidogo sana hadi kwenye mwili wa laptopu. Ule mtekenyo unaousikia ukipapasa laptopu ya chuma inapochaji ndio huo. Kwa hedifoni peke yake DAC ya nje kwa kawaida inatosha, kwa kuwa hedifoni haina njia nyingine ya kurudi ardhini.

Siku utakayounganisha laptopu na miksa au spika zenye umeme wake, hesabu inabadilika. Hapo ethi zinakuwa mbili na mduara unafungwa kupitia waya wa sauti. USB nayo ina waya wa ethi, kwa hiyo mngurumo utaingia kwenye DAC ya nje kama ulivyoingia kwenye laptopu. Anza kwa kuchomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Ukibaki, weka transfoma ya kutenganisha kwenye waya wa sauti unaoelekea kwenye miksa, si kwenye hedifoni. Kuna pia vitenganishi vya USB vyenye chipu ya ADuM4160, lakini hiyo inaishia megabiti 12 kwa sekunde, hivyo DAC inayodai kasi ya juu ya USB 2.0 inaweza isionekane kabisa. Na tafadhali, usikate pini ya ethi kwenye plagi ili kuua mngurumo. Pini hiyo ipo kwa ajili ya siku waya wa moto utakapogusa chuma.

Desibeli:

Nimekuja. Mkuu SautiYaNne, besi nzito na sauti ndogo vyote vinapimika kwa dakika kumi, na ukishapima hutahitaji maoni ya mtu.

Unahitaji maltimita ya kawaida yenye volti za AC, waya wa jeki ya mm 3.5 unaoweza kuukata, na rezista moja ya omu 33 ya robo wati. Kata waya, menya. Mara nyingi nyekundu ni kulia, nyeupe au kijani ni kushoto, na shaba tupu ni ethi. Zile nyuzi zenye rangi zimepakwa vanishi isiyopitisha umeme, kwa hiyo zichome kwa pasi ya risasi au zikwangue kwa wembe, la sivyo maltimita itasoma sifuri na utadhani laptopu imekufa. Ncha zisigusane.

Fungua Audacity (programu ya kuhariri sauti), tengeneza toni ya sine ya 60 Hz, sekunde 60. Audacity yenyewe huweka ukubwa wa 0.8, wewe badilisha uwe 1, usipobadilisha utasoma pungufu kwa karibu 2 dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti). Nimesema 60 Hz kwa sababu maltimita za bei ya kawaida zimetengenezwa kupima umeme wa ukutani, ukiwapa 1 kHz nyingi zinadanganya. Hedifoni zisiwe zimechomekwa, hiyo toni ni kubwa.

Weka sauti ya Windows 100. Pima kati ya waya wa kushoto na ethi bila kitu kingine, andika. Halafu unganisha rezista kati ya waya huohuo na ethi, pima tena palepale, andika. Ukinzani wa tundu la laptopu ni 33 × (volti za kwanza ÷ volti za pili − 1).

Kwa nini tunautafuta? Spika iliyo ndani ya iafoni haina omu 16 kila mahali. Iafoni ya spika tatu inaweza kuwa omu 40 kwenye masafa ya chini na omu 8 kwenye masafa ya juu, na ile 16 iliyoandikwa kwenye boksi ni ya 1 kHz tu. Tundu likiwa na omu 10 zake, umeme unagawana: kwenye omu 40 unapoteza kama 2 dB, kwenye omu 8 unapoteza 7. Tofauti ya 5 dB kati ya besi na sauti nyembamba! Huyo si mtengenezaji wa iafoni aliyekosea, ni tundu. Likiwa na omu 1, tofauti inashuka chini ya 1 dB. Kanuni inayotumika ni kwamba ukinzani wa chanzo usizidi sehemu moja ya nane ya hedifoni. Kwa iafoni za 16 ni omu 2 kushuka chini.

Tuletee hizo namba mbili.

SautiYaNne:

Asante sana wakuu. Mngurumo unakatika baada ya sekunde kumi hivi nikisitisha, kwa mlio wa "tk" kama alivyosema FundiWaya. Alama ya Listen haikuwepo.

Vipimo: bila rezista volti 0.71. Na rezista ya 33, volti 0.54. Nimerudia upande wa kulia, vilevile.

Desibeli:

Safi. 0.71 ÷ 0.54 ni 1.315. Toa 1, zidisha kwa 33, unapata omu 10.4. Besi yako imepata maelezo. DAC yoyote yenye omu 1 au chini yake italimaliza hilo.

Sauti sasa. DT 770 Pro za omu 80 zinatoa 96 dB kwa miliwati 1, ndivyo kiwanda kinavyoandika. Tundu lako likibeba omu 80, volti 0.71 zinashuka hadi 0.63. Nguvu ni volti kwa volti kugawa kwa omu: 0.63 × 0.63 ÷ 80, yaani kama miliwati 5. Hiyo inakupa kilele cha 103 dB. Inaonekana nyingi mpaka ukumbuke kwamba hicho ni kilele, si wastani. Rekodi ghafi ya kwaya ambayo haijakuzwa inaweza kuwa na wastani wa 30 dB chini ya kilele cha juu kabisa cha faili, na pale wanaponong'ona inashuka 45 au 50. Ukitoa 50 kwenye 103 unabaki na 53, na feni ya laptopu nayo inavuma hapohapo mezani. Pumzi huisikii.

Adapta ndogo ya Apple ya USB-C kwenda jeki, toleo la Marekani, namba A2049, inatoa kama volti 1 na ukinzani wake uko chini kidogo ya omu 1. Kwako ni 107 dB. Umepata ongezeko la 4 dB tu. Litasikika, lakini halitakushangaza. Toleo la Ulaya, A2155, limefungiwa kwenye nusu volti kwa sababu ya sheria zao za kulinda masikio, na hilo lingekupa 101, chini ya ulichonacho sasa. Namba ya toleo ipo kwenye boksi na kwa herufi ndogo sana kwenye kifaa chenyewe, beba simu yenye kamera ya kukuza. Nimeitaja kwa sababu ni ya bei ndogo, imepimwa na wengi, na kwa hedifoni za omu 32 hadi 40 ni nzuri mno.

Kwa kazi yako mimi ningetafuta volti 2 au zaidi. Volti 2 kwenye omu 80 ni miliwati 50, kilele cha 113 dB, 10 dB juu ya ulichonacho. Hapo ndipo mtu anasema "kumbe!" Angalia karatasi ya vipimo: wakiandika miliwati 200 kwa omu 32, kama FiiO E10K, zidisha 0.2 kwa 32 na utafute kipeuo cha pili, unapata kama volti 2.5. Wakiandika "nguvu kubwa" bila kusema miliwati ngapi kwa omu ngapi, rudisha boksi kwenye rafu.

Na hiyo nafasi ya juu ni ya kusikilizia vipande vya chini, si ya kukaa nayo siku nzima. Shirika la Afya Duniani linaweka 80 dB kwa saa 40 kwa wiki. Ukimaliza kukata pumzi, shusha.

Bandarini_Msa:

Ndugu SautiYaNne, hiyo adapta yako ya kwanza haijaharibika. Haina DAC ndani.

Kuna aina mbili za adapta za USB-C kwenda jeki na kwa macho zinafanana kabisa. Moja ina chipu, inapokea namba na kutoa sauti. Nyingine ni nyaya tupu: inaiomba simu itoe sauti iliyokwisha kugeuzwa kupitia pini za USB-C, na ni baadhi tu ya simu zilizotengenezwa na uwezo huo. Kompyuta huwa hazina. Ukichomeka ya nyaya tupu kwenye laptopu hakuna sauti ya "ding", hakuna kifaa kipya, hakuna chochote. Ndicho ulichokiona.

Namna ya kujua ukiwa bado dukani: ichomeke kwenye laptopu yoyote, fungua Device Manager, tazama kama kunazaliwa mstari mpya chini ya "Sound, video and game controllers". Kwenye Linux andika lsusb kabla na baada. Mstari usipoongezeka, usinunue. Muuzaji akikwambia "inafanya kwa simu zote", huyo hakudanganyi kwa makusudi, ni kwamba hajui aina ziko mbili.

Laptopu yako ikiwa na matundu ya USB ya mstatili tu, adapta ya C kwenda A inafaa, ila kuna zile za kuchajia peke yake. Ndani yake nyaya mbili za data hazipo. DAC itawaka taa na kompyuta haitaiona. Jaribu kwa kuchomeka simu kupitia adapta hiyohiyo na waya wa data. Mafaili ya simu yasipoonekana kwenye kompyuta, adapta ni ya umeme tu.

Jambo la mwisho, dogo lakini linaghasi. Siku utakaposikia muziki upo, vyombo vipo vya pembeni, na mwimbaji ametoweka kama anaimba ndani ya pipa, usilaumu DAC. Vuta pini ya hedifoni uitazame. Imeingia yote? Pini isipofika mwisho, ethi haigusi, na masikio yote mawili yanapata tofauti kati ya kushoto na kulia tu. Mwimbaji huwa amewekwa sawa pande zote mbili, kwa hiyo tofauti yake ni sifuri, anafutika. Mara nyingi sababu ni kikava cha mpira au mdomo wa tundu ulio mnene kuliko shingo ya pini. Kwa wanaotumia pini ya mikanda mitatu nyeusi, yenye maikrofoni, tundu lisilo la aina hiyo linaweza kuleta sauti hiyohiyo.

Ukitaka maikrofoni pia, uliza mapema, kwa sababu DAC nyingi ndogo zinatoa tu, haziingizi. Ile ya Apple inaingiza. Pini iwe ya mpangilio wa CTIA: ncha ni kushoto, mkanda unaofuata kulia, kisha ethi, na shina ni maikrofoni.

Na kama pana mtu anapita hapa na kompyuta ya mezani: kabla ya kununua chochote hamisha hedifoni kutoka tundu la mbele uziweke la nyuma. La mbele linafikiwa na waya mrefu unaopita juu ya kadi ya picha na feni, unaokota kila kelele njiani.

FundiWaya:

Bandarini kamaliza suala la adapta. Nabaki na biti 32 na 384 kHz, halafu mipangilio.

Biti 16 zinakupa umbali wa 96 dB kati ya sauti kubwa kabisa na kelele za namba. Masafa ya 44.1 kHz yanabeba hadi kidogo juu ya 22 kHz, na sikio zima la kijana linaishia kama 20. Kwa kusikiliza, 384 haikuongezei kitu. Biti 24 zina faida moja ya kweli kwako: unaposhusha sauti kwa kitelezi cha Windows, kompyuta inagawanya namba. Ukishusha 40 dB kwenye biti 16 umebaki na umbali wa 56 tu, na mkia wa mwangwi wa kanisa unaanza kuchakaa. Kwenye biti 24 una akiba ya kutosha. Basi biti 24 na 48 kHz, na hela iliyobaki iende kwenye volti na ukinzani mdogo.

Tena DAC zinazoishia biti 24 na 96 kHz mara nyingi hutumia daraja la kwanza la sauti za USB, ambalo kila mfumo unalijua bila draiva. Za juu ya hapo zinahitaji daraja la pili, na Windows imelijua yenyewe kuanzia Windows 10 ya mwaka 2017. Wewe una 11, huna wasiwasi. Mwenye Windows 7 atahitaji draiva ya kiwanda.

Ikishafika: ichomeke kwenye laptopu yenyewe, si kwenye hub (kigawanya matundu ya USB) inayobeba pia diski ya nje. Win+R, mmsys.cpl, Playback, chagua DAC, bofya Set Default. Bofya mara mbili, ingia Advanced, weka biti 24, na masafa yawe yaleyale ya mradi wako. Rekodi zikiwa za 44.1 weka 44.1, zikiwa za 48 weka 48, Windows isiwe na kazi ya kubadilisha katikati. Kisha Settings, System, Sound, bofya jina la DAC, na "Audio enhancements" iwe Off. Hilo usiliruke. Laptopu nyingi zinakuja na uboreshaji unaoinua vipande vya chini na kubana vya juu, na mhariri anayesikiliza kupitia humo anarekebisha kitu ambacho hakimo kwenye faili. Rudi mmsys.cpl, Communications, chagua "Do nothing", maana kwa kawaida simu ya mtandaoni ikiita Windows inashusha sauti nyingine zote kwa asilimia 80.

Sauti ikianza kukwaruza au kukatikakatika kila baada ya muda, mara nyingi ni USB kuzimwa ili kuokoa betri. Device Manager, "USB Root Hub", Power Management, toa alama ya kuruhusu kompyuta kuzima kifaa. Isiposaidia, ongeza bafa (akiba ya sauti inayosubiri kuchezwa) kwenye programu ya kuhariria: sampuli 128 ziwe 512. Ikikwaruza bado, endesha LatencyMon dakika kumi. Itakuonyesha draiva inayoshikilia prosesa, na mara nyingi ni ya Wi-Fi.

Kuhusu volti nyingi na zile iafoni za 16: DAC ikiwa na swichi ya nguvu ya amplifaya (kikuza sauti kilicho ndani yake), iweke Low. Kwenye High utasikia "shhh" hata bila wimbo, na kitelezi kitaruka kutoka kimya hadi kelele kwa hatua mbili. DAC ikiwa na tundu nene la mm 4.4, usitumie adapta kuishusha hadi pini ya kawaida. Kwenye tundu hilo kushoto na kulia hazina ethi ya pamoja, na adapta itaunganisha waya hasi mbili ambazo zote zinasukumwa na amplifaya. Unaweza kuiunguza.

SautiYaNne:

Nimeelewa, natafuta ya volti 2 yenye swichi. Swali moja la mwisho: DAC ya jirani niliyoijaribu jana ni kimya kabisa, lakini nikibonyeza kucheza inameza mwanzo. Neno la kwanza la ubeti linakuja nusu.

FundiWaya:

Hiyo si mbovu. Sauti ikisimama chipu inajizima ili isitoe "tk", na ikianza inachukua sehemu ya sekunde kufungua. Ukihariri vipande vifupi inaudhi kweli. Tengeneza kwenye Audacity toni ya 60 Hz ya ukubwa wa 1, ipunguze kwa Amplify 45 dB mara mbili, iwe 90 chini. Hifadhi kama WAV ya biti 24 na uiache ijirudie kwenye programu nyingine ya kuchezea wakati unafanya kazi. Kwenye hedifoni zako itakuwa chini ya 25 dB, na sikio halisikii 60 Hz katika kiwango hicho. Usitumie faili la kimya kitupu, baadhi ya chipu zinatambua sifuri zikifuatana na zinalala vilevile. Na ufute alama za "exclusive mode" kwenye ukurasa uleule wa Advanced, vinginevyo programu ya kuhariri itaifukuza hiyo toni na utarudi ulipokuwa.